Tusiwe Wajumbe wa Wauaji
Mhadhara wa hadhara, Goma, Kivu ya Kaskazini



Nimeombwa nizungumze juu ya ugaidi wa mitandao. Wengi wakisikia neno hilo wanamwazia mtu aliyejifungia chumbani, nchi ya mbali, akivunja kompyuta za benki au kuzima umeme wa mji mzima. Hatari hiyo ipo. Mwezi Julai 2023 Kenya iliionja, pale kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoifurikia tovuti ya e-Citizen, ambako wananchi huombea pasipoti na vibali, mpaka huduma zikakwama. Mwaka uliofuata ndugu wawili Wasudani walishtakiwa Marekani kwa kazi hiyo. Sisi wa Goma, ambao tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025 tumeishi kwa pesa za simu, tunajua maana yake mtandao ukikatika siku mbili tu: mama hanunui unga wala mgonjwa hapati dawa.

Hata hivyo, leo sitakaa sana kwenye kompyuta. Katika Kivu, wenye kuua wana njia nyepesi kuliko hiyo. Wanahitaji simu moja ya kupiga picha, mega chache za intaneti, na watu elfu wa kuipitisha picha hiyo. Simu wanayo. Mega wanazinunua. Watu elfu hawana, wanatuazima sisi. Hoja yangu ni hiyo, na yote nitakayosema yanaizunguka: muuaji wa zama hizi anahitaji mjumbe, na sisi tunaweza kukataa kuwa wajumbe wake bila kukataa kuwa mashahidi.

Kutoka kimya hadi majigambo

Tuanze Beni, maana huko ndiko tulikojifunzia. Mauaji makubwa yalipoanza Oktoba 2014, wauaji walikuja usiku na mapanga na mashoka, wakaua familia nzima, wakaondoka. Hakuna aliyejitokeza kusema: ni sisi. ADF, kundi lililozaliwa Uganda na kupiga kambi katika milima ya Rwenzori tangu miaka ya 1990, lilitajwa mara moja. Baadaye ripoti za watafiti zikataja na mikono mingine. Mwaka ulipita, ukaja mwingine, watu wa Oicha, Eringeti na Mbau wakizika bila kuambiwa kwa nini wanauawa. Kimya kile kilikuwa silaha. Kiliwafanya majirani wamtafute adui kati yao wenyewe.

Kisha kimya kikavunjwa. Tarehe 18 Aprili 2019, kundi linalojiita Dola la Kiislamu, ambalo wakati huo lilikuwa limekwisha kupoteza ardhi yake Iraki na Syria, lilitangaza kwa njia zake za mtandao kwamba wapiganaji wake wameshambulia jeshi karibu na Kamango, mpakani na Uganda. Lilikuwa tangazo lake la kwanza juu ya Kongo. Tangu hapo yakafuata mengine mengi. Mwaka 2020 kiongozi wa kundi, Musa Baluku, alisema kwamba ADF haipo tena na kwamba sasa wao ni jimbo la Afrika ya Kati la dola hilo. Machi 2021 Marekani ikaliorodhesha kundi hilo kuwa la kigaidi.

Tazameni kilichobadilika. Panga ni lile lile, msitu ni ule ule, na mkulima anayeuawa shambani kwake ni yule yule. Kilichoongezeka ni msikilizaji. Zamani mauaji yaliishia kijijini. Sasa yanapigwa picha, yanaandikiwa maneno machache na kurushwa kwenye Telegram, na kabla ya maiti kuzikwa yamekwisha kusomwa katika mabara mengine. Kundi lililoshindwa Mosul linapata mahali pa kuonyesha kwamba bado linaishi. Kundi la msituni linapata jina kubwa, na jina kubwa huvuta fedha na watu. Damu ya Beni imefanywa sarafu ya kununulia sifa mbali na hapa.

Na majigambo hayo hayasemi kweli siku zote. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliolinganisha matangazo na matukio walikuta mengine yamekosea mahali au idadi ya waliouawa. Mara nyingine raia wasio na silaha waliitwa askari. Kwa hiyo anayepitisha tangazo la namna hiyo bila kuuliza, hata akiweka alama ya kulia machozi chini yake, anabeba uongo wa muuaji hadi nyumbani kwa jirani.

Kazi tatu za ujumbe wao

Ujumbe wa magaidi una kazi tatu: kutisha, kuvuta, na kugawa.

Kutisha ndiyo inayoonekana upesi. Jumapili tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi watu wakiwa ibadani. Dai la Dola la Kiislamu likaja mtandaoni. Mbinu hii imetumika na wengine kabla. Katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na al-Shabaab wa Somalia waliandika Twitter siku zote za shambulio. Akaunti ikifungwa, walifungua nyingine. Christchurch, Nyuzilandi, Machi 2019, mzungu mwenye chuki dhidi ya Waislamu aliua watu 51 misikitini huku akirusha mauaji moja kwa moja kwenye Facebook. Kampuni hiyo ilisema kwamba katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile. Muuaji alikuwa mmoja. Nakala milioni moja na nusu zilitengenezwa na nani? Wengine walikuwa wafuasi wa chuki yake, ndiyo. Lakini wengine walikuwa watu wa kawaida walioshtuka, wakataka wenzao nao washtuke. Ninyi vijana mnaonisikiliza, hapo ndipo tunapoingia sisi.

Kazi ya pili ni kuvuta. Hapa Kiswahili chetu kimetumika vibaya. Mwaka 2012 al-Shabaab walianza kutoa jarida la mtandaoni, Gaidi Mtaani, likiwalenga vijana wa Kenya na Tanzania kwa lugha wanayoongea kila siku. Kundi la misitu ya Beni nalo limetoa video zenye sauti za Kiswahili na Kiganda, na kijana Mkenya aliyeonekana katika video ya mauaji ya mwaka 2021 alikamatwa Beni Januari 2022. Hata hivyo, msidhani wote walioingia msituni walivutwa na mahubiri. Waliotoroka, walipohojiwa na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, wengi walisimulia ahadi ya kazi, ya masomo, ya biashara. Kijana alitumiwa nauli kwa simu kutoka Burundi, Tanzania au Uganda, akapokewa mjini na mtu mwenye adabu, akavushwa, na alipofumbua macho yuko kambini na mwenye kutoroka huuawa. Ninyi mnaotafuta kazi, yaani karibu ninyi nyote, shikeni hili: tajiri asiyetaja jina la kampuni, asiyetaka mzazi ajue, anayekulipia nauli kwanza na kueleza kazi baadaye, huyo mkimbieni.

Nawageukia hapa ndugu zetu Waislamu, nami nasema kwa sauti ili wasio Waislamu wasikie. Tarehe 1 Mei 2021, usiku wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi akiwa katika swala, ndani ya msikiti mkuu wa Beni. Alikuwa amesimama redioni akiwakana wauaji kwa jina la dini yake. Mwezi ule ule imamu mwingine aliuawa Mavivi. Wanaotuma ujumbe kwamba kila mwenye kanzu ni ADF wanamtukana marehemu yule, na wanamaliza kazi ambayo risasi ilianza: kumnyamazisha Mwislamu anayesema kweli.

Kugawa, na kumbukumbu ya Goma

Kazi ya tatu ndiyo ninayoiogopa kuliko zote katika mji huu. Kutisha hupita, na kijana aliyevutwa huenda akarudi. Majirani waliogawanywa huua wenyewe, bila gaidi kuvuka hata mto.

Goma haihitaji kufundishwa jambo hili kutoka vitabuni. Julai 1993, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, ilianza kurusha matangazo redio iliyoitwa RTLM. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, vijana wakaipenda. Kuanzia Aprili 1994 ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, nao wakauawa. Julai mwaka ule ule mamia ya maelfu ya watu walimiminika hapa. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu juu ya mawe haya meusi ambayo hata kaburi halichimbiki. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwahukumu wakuu wa redio ile pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Dunia ikakubali rasmi kwamba maneno yanayoandaa mauaji ni sehemu ya mauaji.

Redio ile ilikuwa na studio, mlingoti na wenyewe wanaojulikana. Leo kila simu ni kituo cha redio. Desemba 2021, huko Lweba katika Fizi, meja wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu ya Kusini, aliuawa na umati na mwili wake ukachomwa. Video ikazunguka Kivu nzima. Novemba 2022, Alice Wairimu Nderitu, mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya kuzuia mauaji ya kimbari, alikuja Kongo na kuonya juu ya maneno ya chuki. Novemba iliyofuata, 2023, hapa hapa Goma, afisa mwingine wa jeshi la taifa aliuawa na umati kwa sababu ya sura yake na asili waliyomdhania. Alikuwa akiitumikia nchi hii. Waliomuua hawakupewa amri na kundi lolote la msituni. Walikuwa wamelishwa kwa miaka sauti na picha zilizowaambia kwamba uso wa mtu ni ushahidi wa kosa.

Tangu mwisho wa Januari 2025 mji huu uko mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23, na vita vya simu vimezidi ukali. Kila upande una wapiganaji wake wa vidole, walioko hapa, Kinshasa, Kigali, Ubelgiji na Kanada. Wanatuma maiti za vita vingine wakisema ni za jana hapa kwetu. Anayeandika kutoka Brussels hatapigiwa mlango usiku. Atakayepigiwa ni jirani yako wa Birere au Ndosho, yule uliyekwenda naye kuchota maji ziwani.

Tuna methali inayosema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiheshimu hekima ya wazee, lakini kwa habari za mauaji nawaomba tuiweke kando. Mengi yasemwayo hayapo. Mengine yanakuja kwa sababu tu tumeyasema. Tuliliona hili wakati wa Ebola. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa huo uliua watu 2,287 katika mashariki ya nchi, na hapa Goma mgonjwa wa kwanza alionekana Julai 2019. Sauti zilizunguka WhatsApp zikisema Ebola ni biashara, eti imeletwa ili kuwamaliza watu wa Beni na Butembo. Uvumi ule ulikuwa na chakula chake: watu walikuwa wamechinjwa miaka minne bila kulindwa, kisha Desemba 2018 wakanyimwa kupiga kura kwa kisingizio cha ugonjwa. Aliyedharauliwa huamini upesi kwamba anauawa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili daktari kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa kazini. Kwa hiyo anayetaka kuua uvumi aanze kwa kuwaheshimu watu na kuwaambia kweli mapema.

Wenye mitandao na wenye dola

Wenye kampuni kubwa wana deni kwetu. Wasemaji wa Kiswahili tumezidi milioni 200, lakini ulinzi wa lugha yetu mtandaoni ni hafifu. Kwa miaka kadhaa, kazi ya kuchuja maovu ya Facebook kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, ilifanyiwa Nairobi na vijana walioajiriwa kupitia kampuni ya Sama. Walitazama watu wakikatwa vichwa kutwa nzima kwa mshahara mdogo, na mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani. Katika mji huo huo, mwana wa profesa wa Ethiopia aliyeuawa Novemba 2021 baada ya kuchafuliwa Facebook ameishtaki kampuni mama, Meta, na Aprili 2025 mahakama kuu ya Kenya ilikubali kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Mlango huo umefunguliwa na Waafrika, nasi tuusukume. Kiswahili cha Goma, chenye Kifaransa, Kinyarwanda na Kinande ndani yake, hakisomwi vyema na mashine za mbali. Mchochezi wa hapa haandiki neno "ueni". Anatumia jina la utani ambalo kila mtu wa kartie analielewa. Kampuni inayovuna fedha kutoka mega zetu iajiri watu wanaoielewa lugha hii, iwalipe vizuri na kuwalinda.

Kwa upande wa dola, sheria hazikosekani. Tangu tarehe 7 Juni 1966 Kongo ina sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Machi 2023 ikaja sheria ya mambo ya kidijitali. Ninachohofia ni namna zinavyotumika. Septemba ya mwaka ule ule, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kwa makala isiyokuwa na jina lake, akakaa gerezani miezi sita. Waliochochea mauaji ya majirani kwa sauti zao wenyewe wangali wanatembea. Sheria inayomfunga mwandishi na kumwacha mchochezi inawafundisha watu kwamba kosa ni kuwaudhi wakubwa, na kwamba kuhatarisha uhai wa mnyonge si kosa.

Wala kuzima intaneti si dawa. Serikali iliizima baada ya uchaguzi, tangu tarehe 31 Desemba 2018, karibu siku ishirini. Uvumi haukupungua, kilichokosekana ni njia ya kuukanusha. Na kumbukeni tarehe 30 Agosti 2023 hapa Goma, askari walipowafyatulia risasi waumini waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya majeshi ya kigeni. Idadi ya kwanza iliyotolewa ilikuwa ndogo. Video zilionyesha miili ikitupwa ndani ya lori, na siku iliyofuata serikali yenyewe ikataja watu 43. Oktoba kanali Mike Mikombe alihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Pasipo zile simu, wangapi wangezikwa bila kuhesabiwa? Kwa hiyo atakayekuja kuwaambia kwamba usalama unapatikana kwa kuzima simu za wananchi, mwulizeni anataka kumficha nani.

Shahidi na mjumbe

Hapo ndipo tofauti ya shahidi na mjumbe inapoonekana. Shahidi anasema: niliona, mahali fulani, saa fulani. Anahifadhi picha yake kama ilivyo, haipambi wala haiongezei muziki, na anaikabidhi kwa anayeweza kuichunguza: mwanasheria, mtetezi wa haki za binadamu, mwandishi anayeaminika. Mjumbe wa muuaji hajui picha imetoka wapi. Ameipokea ikiwa na maneno "tuma kwa wote", naye anatuma kwa wote.

Nawapa mazoea machache, yote yanawezekana kwa simu ya bei rahisi. Picha ya maiti au video ya mauaji ikifika kwako, iishie kwako. Kama unaamini ni ushahidi, mpelekee mtu mmoja anayehusika, usiitupe kwenye kundi. Habari ya shambulio ikija, tafuta mahali, siku, na jina la aliyeona. Kimoja kikikosekana, subiri. Sikiliza Redio Okapi au redio ya mtaa unayoiamini, tazama Congo Check, shirika la waandishi Wakongomani wanaofanya kazi ya kupima uvumi tangu 2018. Ujumbe ukitaja kabila au dini ya mshukiwa kabla ya kutaja kosa lake, huo umeandikwa na mchochezi, ufute. Na ninyi mnaosimamia makundi ya WhatsApp, ya familia, ya kanisa, ya wenye pikipiki, ya likelemba za kuchangiana fedha: cheo hicho ni kazi. Anayetukana kabila la mwenzake mwiteni pembeni mmwonye. Akirudia mtoeni, hata akiwa mjomba, hata akiwa ndiye anayechangia zaidi.

Wazazi, zungumzeni na watoto kabla mtu wa mbali hajazungumza nao. Kijana aliyekaa nyumbani bila shule wala kazi, anayehesabu miaka, atamsikiliza yeyote atakayemwita kwa jina na kumwahidi heshima. Tukimwita sisi kwanza, mwingine atakuta nafasi imejaa. Wachungaji na maimamu, simameni pamoja mkizika, na mkilaani laanini mauaji yote, ya kila upande, kwa maneno yale yale. Uchungu unaochagua maiti ndio mlango anaoingilia mchochezi.

Najua mtaniambia: mwalimu, watu wanakufa kwa risasi nawe unatuambia juu ya vidole. Ni kweli, kidole peke yake hakitanyamazisha bunduki ya Beni wala ya Masisi. Hilo linahitaji siasa, haki na majeshi yanayolinda raia, nasi tuendelee kulidai. Lakini bunduki ya msituni inaua pale ilipo tu. Ili hofu yake ifike Goma, ili chuki yake ivuke hadi Bukavu na Bunia, lazima ipite mikononi mwetu. Sehemu hiyo ya vita tunaweza kuishinda leo, bila kusubiri mikataba ya amani ya Doha wala ya Washington itekelezwe, kwa sababu silaha yake tumeishika wenyewe. Muuaji anatutegemea kwa kazi ambayo hawezi kuifanya peke yake. Tumnyime.